Nguo za Sultani wa Kilwa

Ndugu Waislamu, visa vya wafalme wa kale vimetiwa chumvi nyingi na wasimulizi, hata msikilizaji hajui ashike lipi na aache lipi. Kisa cha leo kina shahidi aliyekiona kwa macho yake, nacho kilitokea siku kama ya leo, Ijumaa, katika pwani yetu hii.

Shahidi huyo ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Maghribi mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, safari ikamchukua mbali zaidi ya alivyokusudia. Mwaka 1331 alishuka kutoka Mogadishu hadi Mombasa. Huko alilala usiku mmoja tu, lakini hakukosa kuona kwamba watu walitembea bila viatu, na kila aingiaye msikitini alichota maji kisimani, akaosha miguu, kisha akaifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa kutazama mambo madogo, na kwa sababu hiyo maneno yake yana uzito.

Kutoka Mombasa alifika Kilwa. Aliyetawala wakati huo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu mwenye mali iliyotokana na biashara ya dhahabu na pembe. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, yalipatikana maandishi yenye jina lake. Hata hivyo watu walimwita Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa wingi wa kutoa kwake, naye alizoea kuketi na mafakiri na kula nao sahani moja.

Basi Ijumaa moja Sultani alitoka kuswali, akawa anarudi nyumbani kwake. Fakiri mmoja kutoka Yaman akamkabili njiani, akamwita kwa lakabu yake. Sultani akaitika, akamwuliza haja yake. Fakiri akajibu kwamba anazitaka nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Wengi wetu tungetosheka na ahadi hiyo, tukaenda zetu kwa furaha! Fakiri yule alitaka kujua ni lini, tena akataka iwe saa ile ile. Sultani hakukunja uso. Alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri aingie azichukue zile. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Watu walimshukuru mno Sultani. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, akazitwaa nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa, ndugu zangu, tusipite mbio. Kitabu kinataja pia kwamba Sultani huyu alishambulia mara nyingi nchi za jirani na kuchukua ngawira, na kwamba alitenga khumsi yake kama sheria inavyotaka. Fakiri alipewa watu ishirini, na hakuna hata jina moja la watu hao lililoandikwa. Nguo alizivua mwenye nguo. Lakini hao ishirini hawakuulizwa. Anayekisimulia kisa hiki kwa kusifu ukarimu, kisha akaliruka jambo hili, amekisimulia nusu.

Ibn Battuta alirudi kwao, na mwaka 1355 safari zake zikakamilika kuandikwa mjini Fes kwa mkono wa Ibn Juzayy. Humo mmetajwa pia yaliyofuata. Al-Hasan alipofariki, alitawala nduguye Daud. Mwombaji alipomjia, Daud alimjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakingoja, wakaondoka na kidogo sana, hata wenye haja wakaacha kabisa kupita mlangoni kwake.