Panzi Wasiopaa wa Kilimanjaro

Mwaka 1905 Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswidi, alipiga kambi Kibongoto, magharibi ya Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akakusanya wadudu kuanzia nyikani hadi kwenye baridi ya juu. Matokeo yalichapwa Stockholm kati ya 1907 na 1910.

Karibu karne moja baadaye Claudia Hemp, Mjerumani, aliwachunguza kwa kina panzi na senene wa mlima huu. Wengi wanaopatikana hapa tu hawapai kabisa! Mtazame panzi aitwaye Parasphena nyasini: miguu imara ya kurukia, mabawa vijipande tu.

Asiyepaa hasafiri mbali. Msitu ukikatika, ukoo hutengana na wenzake, na baada ya muda mrefu huwa spishi nyingine. Basi misitu iliyobaki juu ya Machame tuilinde. Panzi hawa hawana njia ya kuhamia kwingine.