Mwizi Anayejulikana na Ukumbi Mzima

Novemba 1952 ulikuwa mwezi wa mapazia. London, tarehe 25, Ambassadors Theatre ilianza kuonyesha The Mousetrap, mchezo wa Agatha Christie uliokuwa umezaliwa redioni miaka mitano kabla. Nairobi nako, mwezi uohuo, ukumbi wa Kenya National Theatre ulifunguliwa, nchi ikiwa ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba. Mchezo wa London haujaisha mpaka leo. Ulisimama kwa sababu ya korona tu, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Kila onyesho likimalizika, mwigizaji mmoja huwaomba watazamaji wasimtajie mtu huko nje ni nani aliyeua.

Ombi kama hilo lingechekesha katika bwalo la shule yoyote kati ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Humo, fumbo la upelelezi lilipopanda jukwaani, Fomu Foo nzima ilikuwa imeshamjua mhalifu, imeandika insha juu yake, na ilikuwa tayari kumpigia kelele kabla hajafungua kinywa. Namna mchezo wa fumbo ulivyofika mahali ambapo fumbo lenyewe si siri tena ni kisa cha mitihani kuliko cha sanaa, na hilo si la kuonea haya.

Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na Kitale ukawa mji wao wa mahindi na klabu. Katika miji ya namna hiyo mchezo wa kuigiza ulikuwa burudani ya Wazungu kwa Wazungu. Wabukusu waliopanda kutoka upande wa Bungoma walikuja kwenye mashamba hayo kama vibarua na maskwota, si kama watazamaji. Lakini wasidhaniwe hawakuwa na jukwaa. Mzee wa heshima akifa, Wabukusu humwita bingwa wa khuswala kumuse: mtu mmoja, bakora mkononi, anatembea huku na huko katikati ya umati akieleza asili ya koo, akikumbusha ya waliotangulia na kuonya waliobaki. Hana pazia, hana taa, wala hakuna wa kumkatiza. Wasikilizaji wengi wanayajua anayoyasema. Wamekuja kumwona akiyasema.

Mwaka 1959 yakaanza mashindano ya drama ya shule, kwa Kiingereza na kwa ladha ya Kiingereza. Shule za Waafrika zilipoingia ziliyageuza polepole: Kiswahili kikapanda jukwaani, zikaja ngonjera, masimulizi na densi za kubuni. Mpaka wa mikoa ulizitenganisha shule jirani. Zile za Kitale zilipanda ngazi za mashindano kupitia Bonde la Ufa, zile za Bungoma kupitia Magharibi, ingawa gari likitoka Kitale hupita Kiminini tu, na likifika Kamukuywa limeshaingia Bungoma.

Mpelelezi wa Kiswahili alikuwa amezaliwa mbali na huku. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Bwana Msa wake ana kiko na ana rafiki wa kumshangaa, Najum, na asiyemwona Sherlock Holmes nyuma yao hataki kumwona. Holmes mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda jukwaani Marekani mwaka 1899, William Gillette akimwigiza. Bwana Msa alibaki zaidi kitabuni. Kilichowapeleka wapelelezi mbele ya wanafunzi wa Kenya kilikuwa kitu kikavu zaidi: mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima, kisha mtihani wa KCSE uliofanywa mara ya kwanza 1989, wenye karatasi nzima ya fasihi. Riwaya moja, tamthilia moja, diwani moja ya hadithi fupi. Kila mtahiniwa, nchi nzima, vitabu vilevile.

Hapo soko likapatikana. Vikundi vya waigizaji vilianza kuzunguka shule na seti buku, vikilipwa kwa mchango wa wanafunzi na kucheza mchana kweupe mezani zilipokuwa sufuria za githeri saa chache kabla. Tamthilia haikuwa na shida, kwa kuwa imeandikwa ichezwe. Kazi ilikuwa kwenye riwaya.

Na riwaya iliyofaa kazi hiyo kuliko zote iliandikwa na mwana wa huku. Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia Cherang'any, Trans Nzoia. Siku Njema, iliyotoka 1996, tayari ilikuwa na msako ndani yake: Kongowea, mtoto wa mwimbaji taarab wa Tanga, anamtafuta baba asiyemjua, na njia inamfikisha Kitale. Wanafunzi wa mji huo waliusoma mji wao katika kitabu cha mtihani, jambo lisilotokea kila siku. Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, ilikwenda mbali zaidi. Amani anafika Sokomoko na kuajiriwa kwa Mtemi Nasaba Bora, kazi yake ng'ombe, lakini alilolijia hasa ni kumjua aliyeuiba mswada wake. Mwizi ni Majisifu, ndugu wa mtemi, mwalimu anayesifiwa kwa kitabu ambacho hakukiandika. Mtoto mchanga anaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani, na baba wa mtoto huyo ni mtemi mwenyewe. Chini ya yote kuna hati za ardhi zilizoghushiwa. Vitabu vya Kiingereza humtuma mpelelezi mwenye elimu na pesa kwenye nyumba ya wakubwa. Walibora alimtuma mchungaji, akamlaza kibandani, akamwacha apeleleze huku anakamua maziwa. Kwa wilaya iliyojengwa na vibarua wa mashambani, iliyozoea kesi za mashamba na hati mbili za shamba moja, fumbo hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Jukwaani lilikatwa vibaya, na lilibidi likatwe. Riwaya ya kurasa nyingi ikachezwa kwa saa mbili, mwigizaji mmoja akiwa askari, muuguzi na jirani kwa kubadilisha koti. Walioandaa walijua kwamba kuficha mwizi ni kazi bure, hivyo walimtoa mapema. Majisifu akaingia akijigamba na kitabu chake, Amani akasimama pembeni na ndoo, na raha yote ikawa katika kumtazama mtu anayejua na mtu asiyejua kuwa anajulikana. Bwalo linacheka, linazomea, linamwonya Amani. Na kwa kuwa mtihani hupenda kuuliza muktadha wa dondoo, maneno fulani yalipokaribia mwigizaji alipunguza kasi, wanafunzi wakayamaliza wenyewe kwa sauti moja. Wahakiki wa mjini wangeliita jambo hilo kuharibu mchezo. Lakini aliyewahi kukaa kwenye kumuse angetambua furaha hiyo: hadithi inayojulikana, na jicho lote kwa msimulizi.

Walibora alikufa Aprili 2020 jijini Nairobi, akigongwa na basi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha pia jeraha la kisu mkononi, na wapelelezi wa mauaji wakaitwa.

Kitabu chake kilikuwa kimeshatoka kwenye orodha ya mtihani. Hapo ndipo tofauti na London inapouma zaidi. The Mousetrap huishi maadamu watu wananunua tiketi. Mchezo wa bwaloni huishi maadamu umo kwenye orodha inayotoka Nairobi, na orodha ikibadilika, hata onyesho lililokuwa linajaza mabwalo huisha bila mtu kuliaga. Mwaka 2018 ilianza zamu ya Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, na Majoka wake, mtawala wa Sagamoyo, naye ni mkubwa mwenye maovu ya kufichuliwa. Kikundi kilichokuwa na joho la Mtemi Nasaba Bora hakikuhitaji kushona jingine.