Chemirocha: Wasichana wa Kapkatet na Sauti ya Kwenye Santuri

Chemirocha ni wimbo wa Wakipsigis ulionaswa mwaka 1950 huko Kapkatet, kwenye barabara inayotoka Kericho kupitia Litein kuelekea Sotik. Aliyeuongoza ni Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wenzake, huku kinubi cha kwao kiitwacho chepkong kikiwashikia mdundo. Jina la Chemutoi limehifadhiwa katika maelezo ya santuri. Wenzake wametajwa kwa jumla tu, kuwa ni wasichana wa Kipsigis.

Anayeimbwa humo hakuwahi kukanyaga Kenya. Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufanya kazi kwenye treni za mizigo hadi kifua kikuu kilipomtoa huko. Agosti 1927 alikwenda mji wa Bristol, Tennessee, akiwa na gitaa lake, akanasa nyimbo zake za kwanza kwa kampuni ya Victor. Sauti yake ilikuwa na namna ya pekee: ilikuwa ikishuka kifuani, kisha inaruka ghafla hadi kooni juu, ikirudi na kupanda tena bila maneno. Santuri zake zilinunuliwa kwa wingi sana. Kwa muda usiofika miaka sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100, nyingi akishiriki kuzitunga. Mei 1933, akiwa New York, alirekodi huku akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo, na siku mbili baada ya kumaliza akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Sauti hiyo ilifika nchi ya Wakipsigis pamoja na Wazungu. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai kwenye vilima vya Kericho, na wamisionari nao walikuwa wameshapiga kambi. Gramafoni ya zama hizo haikuhitaji umeme. Mtu alizungusha hendeli mpaka springi ikakaza, akaishusha sindano juu ya santuri nyeusi inayozunguka, na mara mtu akaanza kuimba ndani ya sanduku. Kwa msikilizaji aliyezoea kumwona mwimbaji usoni, hili lilikuwa jambo zito. Sauti ipo, gitaa lipo, lakini mwenye sauti hayupo.

Jina lenyewe lilipokewa kwa lafudhi ya wenyeji. Kikalenjin hakitenganishi sauti za ch na j kama Kiingereza kinavyofanya, hivyo Jimmie akawa Chemi na Rodgers akawa rocha. Lilikaa vizuri mdomoni, maana majina mengi ya Kikalenjin huanza na Che-. Baada ya muda neno hilo lilitumika hata kwa kitu chochote kipya na cha ajabu.

Wimbo wa wasichana ulikwenda mbali zaidi ya kulitaja jina. Walimpa mwimbaji asiyeonekana kiwiliwili: nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya swala. Kisha wakamwalika acheze ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke. Huu ni utunzi kamili, na haifai kuusoma kama kosa la watu wasiojua gramafoni inavyofanya kazi. Chemutoi na wenzake walichukua sauti ya mgeni, wakaivisha mwili na kuitia katika ngoma yao. Hakuna hata chembe ya gitaa la Rodgers katika muziki wao. Kinachosikika ni chepkong, sauti nyembamba za wasichana zikipokezana, na mapigo yanayokwenda kwa utulivu.

Aliyewanasa alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kwenda kulima tumbaku. Huko alipenda nyimbo za wafanyakazi wa shambani, na kazi ya kuzinasa ikageuka maisha yake. Alisafiri na mitambo ya kunasia sauti garini, na mara nyingi alishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ala. Kapkatet alinasa nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ni za wanaume. Ya tatu, ya wasichana, ndiyo iliyopata umaarufu. Mwaka 1954 alianzisha nchini Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown.

Maikrofoni ya Tracey iliwafungulia wengine njia ndefu. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, Kongo, ambao leo ni Likasi, alimnasa kijana mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda akiimba Masanga. Mwenda aliendelea kurekodi, akafanya kazi Nairobi, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwanamume mwenye gitaa angeweza kusafiri na kuuza santuri. Wasichana wa Kapkatet waliimba pamoja, kwa lugha yao na ngoma ya kwao, na hapakuwa na kampuni iliyowafuata. Ni hasara ya kusikitisha, kwani aliyeweza kutunga Chemirocha hakukosa mengine ya kutunga.

Wimbo wenyewe ulisafiri peke yake. Ulitolewa kwenye santuri, baadaye kwenye CD, ukasikilizwa Ulaya na Marekani na watu waliojua sauti ya Chemutoi bila kujua sura yake.

Mwaka 2014 na 2015 maktaba ya Grahamstown, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi chini ya Tabu Osusa, ilianza kuzirudisha kanda za Tracey kwa wenyewe. Wahusika walifika nchi ya Wakipsigis na nakala za nyimbo za 1950, wakawatafuta waimbaji waliobaki na jamaa za waliokwisha kufariki. Wazee waliokuwa vijana wakati gari la Tracey lilipopita walikaa chini, wakaanza kuzitambua sauti.