Maji Yapitayo Motoni

Mtu aliyezoea kahawa yetu ya dele, akisimama kwa mara ya kwanza mbele ya mashine ya Kiitaliani ya espreso, aghalabu hushangazwa na jambo dogo. Mpika kahawa, kabla hajafunga kile kichujio chenye mpini katika kichwa cha mashine, hufungua maji akayaacha yamwagike bure. Maji hayo hutoka kwa hamaki: hufoka, hutema mvuke, hurukaruka. Baada ya sekunde chache hutulia, yakashuka kimya. Hapo ndipo mpikaji hufunga kahawa yake na kuanza kazi. Mimi nilipoliona jambo hilo nilidhani anaosha chombo, na kwa kuwa nimelelewa kisiwani, ambako maji ya kunywa hayachezewi, nilimhesabu kuwa ni mbadhirifu. Ilinichukua muda kufahamu kwamba nilikuwa nikitazama sura ya mwisho ya hadithi iliyoanzia Torino mwaka 1884.

Hadithi hiyo ni ya pacha wawili waliozaliwa wameshikana, joto na shinikizo. Kahawa iliyosagwa laini hutaka maji ya baina ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Yakipungua, kinywaji huwa chepesi, chenye uchachu. Yakizidi, uchungu wa kuungua hufunika ladha nyingine zote. Hutaka pia maji yasukumwe kwa nguvu, kwani unga laini ulioshindiliwa hauyapitishi kwa uzito wao tu. Kwa watu wa karne ya mvuke, njia nyepesi ya kupata nguvu ilikuwa ni kuyachemsha maji ndani ya chombo kilichozibwa. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Maji yaliyozibwa hayachemki kwa nyuzi 100. Kadiri mvuke unavyobanwa, ndivyo joto linavyopanda. Shinikizo likifika mara mbili ya lile la hewa tuivutayo, maji huwa yamefika nyuzi 120. Anayetaka nguvu zaidi ya mvuke hana budi kuunguza zaidi.

Angelo Moriondo wa Torino ndiye aliyepata hataza ya mwanzo ya mashine ya namna hii, mwaka 1884, akaionyesha katika maonyesho makuu ya mji wake. Ilikuwa ni chombo cha kupika kahawa nyingi kwa pamoja. Luigi Bezzera wa Milano alikuja na hataza yake mwaka 1901, ambayo kwayo kila mnywaji alipikiwa kikombe chake peke yake. Desiderio Pavoni akainunua haki ile, na katika maonyesho ya Milano ya mwaka 1906 watu wakanyweshwa kahawa iliyoitwa espresso. Neno lenyewe ni gumu kwa mfasiri. Ndani yake mna kukamua, mna haraka, na mna jambo lililofanywa mahsusi kwa ajili ya mtu mmoja aliyeliomba. Nimejaribu zaidi ya mara moja kulipatia mwenziwe katika Kiswahili, na kila nililolishika lilibeba maana moja likaziangusha mbili. Nimeliacha lilivyo, nikalivisha kanzu ya tahajia yetu tu.

Mashine hizo za mwanzo zilikuwa nzuri mno kwa macho: minara ya shaba yenye kuba, na baadhi zikiwa na tai juu yake. Ladha ya kahawa yake ilikuwa habari nyingine. Shinikizo lake halikuzidi sana lile la hewa, na joto lake lilikuwa la mvuke. Kahawa ilitoka nyeusi, chungu, bila povu. Kwa miaka 40 hivi wateja wa Italia waliinywa wakaiona ndiyo kahawa, kama kila kizazi kinavyokiona kilichokikuta kuwa ndicho cha haki.

Aliyewatenganisha pacha wale alikuwa Achille Gaggia, mwenye baa mjini Milano. Hataza yake ya kwanza ni ya mwaka 1938. Vita vikaja, na kazi yake ikaiva mwaka 1947. Gaggia aliuondoa mvuke katika kazi ya kusukuma. Mahali pake aliweka pistoni na springi yenye nguvu. Mpikaji huvuta wenzo mrefu kuelekea chini, springi ikajikunja. Akiuachia, springi hujinyoosha na kuyasukuma maji katika kahawa kwa shinikizo la takriban mara 9 ya hewa. Juu ya kikombe likatokea povu zito la rangi ya hudhurungi. Wanywaji walilitilia shaka. Gaggia akaliita krema ya kahawa, akaliandika jina hilo kama sifa, na kilichodhaniwa kuwa kasoro kikawa ndiyo alama ya kahawa bora. Washairi, nadhani, hatuna haja ya kuelezwa nguvu ya jina.

Hata hivyo, Gaggia aliikomboa nguvu bila ya kulikomboa joto. Maji ya mashine zile za mwanzo yalitoka moja kwa moja katika boila ile ile yenye mvuke, na saa za shughuli kichwa cha mashine kilizidi kupata moto kikombe baada ya kikombe. Wengi wa wanaoisimulia historia hii humaliza kwa Gaggia na krema yake. Mimi naona wanaiacha njiani.

Sehemu iliyosalia ilikamilishwa na Carlo Ernesto Valente wa kampuni ya Faema, mjini Milano, ambaye hapo kabla aliwahi kuzitengeneza mashine za Gaggia mwenyewe. Mwaka 1961 alitoa mashine aliyoiita E61. Herufi E ni ya neno la Kiitaliani la kupatwa kwa jua, kwani tarehe 15 Februari mwaka huo jua lilipatwa kabisa katika sehemu za Italia. Kwetu tukio kama hilo huwatoa watu kwenda kusali. Valente alilifanya jina la mashine ya kahawa.

Katika E61 mkono hauvuti springi. Pampu ya umeme ndiyo isukumayo. Lakini uzuri wake hasa umo ndani ya boila. Maji ya mvuke na maji ya kahawa hayachanganyiki tena. Boila imejaa maji yake yenye nyuzi 120 na zaidi kidogo, ya kutolea mvuke wa maziwa. Ndani ya maji hayo umepitishwa mrija, na ndani ya mrija hupita maji mapya, ya baridi, yanayokwenda kwenye kahawa. Maji hayo hupita katikati ya moto bila ya kukaa humo. Yaingia baridi, yakaazima joto njiani, yakatoka yakiwa na kadiri ya kufaa. Kichwa chenyewe ni pande la shaba la manjano, lenye uzito wa kama kilo 4, na mirija miwili hukiunganisha na ule uliomo ndani ya boila: maji ya moto hupanda kwa mmoja, yakatoa joto lao katika shaba, yakashuka kwa wa pili, na kurudi tena, mchana kutwa, bila ya pampu kuguswa.

Sasa twaweza kulirudia lile jambo la maji yaliyomwagwa. Mrija ule ulipimwa kwa baa ya Milano asubuhi, ambapo kikombe hufuata kikombe na maji hayapati nafasi ya kulala. Wateja wakipungua, maji yaliyomo ndani ya mrija hukaa, na yakikaa huchukua joto la boila iliyoyazunguka. Mteja wa saa nane mchana, katika baa tupu, angepewa maji ya kuunguza. Ndiyo maana mpikaji huyamwaga. Yanapofika kwenye hewa huru yangali yamevuka nyuzi 100, na sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Huko ndiko kufoka. Kufoka kukikoma, maji yameteremka chini ya kiwango cha kuchemka. Mjuzi humwaga kidogo zaidi, kisha hungoja, kwani shaba na mrija hulirudisha joto polepole. Akimwaga mno, amekipoza kichwa, na kahawa itatoka chachu. Kiasi gani basi? Hutegemea muda ambao mashine imekaa bure, na kahawa yenyewe, iliyokaangwa sana au kidogo. Yuko pia awezaye kuishusha swichi ya shinikizo la boila: kila sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa hupunguza kama nyuzi moja na nusu. Lakini hapo mvuke wa maziwa nao hudhoofika, na anayekunywa kapuchino atanung'unika.

Elimu hii haimo katika hataza ya Valente wala ya Gaggia. Majina ya wenye mashine yameandikwa katika vitabu. Waliogundua kwa sikio kwamba maji yaliyonyamaza ndiyo maji yaliyo tayari, hawakuandikwa popote. Walikuwa ni watu wa nyuma ya kaunta, wenye mishahara midogo, na walifundishana kwa kutazamana.

Baadaye walikuja waliotaka kuiondoa haja ya sikio. La Marzocco, kampuni ya Firenze, ilitoa mwaka 1970 mashine ya boila mbili, moja ya mvuke na moja ya kahawa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, David Schomer wa Seattle, huko Marekani, alikuwa miongoni mwa waliozitia mashine kama hizo kidhibiti cha elektroniki kinachoshikilia joto katika kipimo chembamba mno. Sina ugomvi na vyombo hivyo. Kahawa yake ni nzuri, na haibadiliki.

Lakini kichwa cha E61 kingali kikitengenezwa hadi leo na viwanda kadhaa, na mrija ndani ya boila bado umo katika mashine nyingi za baa na za majumbani. Mbele ya mojawapo nilisimama tena hivi karibuni. Yule kijana alifungua maji, akainamisha kichwa kidogo. Yakafoka, yakatema, yakanyamaza. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akafunga.