RNA duara katika saratani ya mapafu

RNA duara ni molekuli za RNA ambazo ncha zake mbili zimeungana zikafanya kitanzi. Hutengenezwa katika kiini cha seli, wakati RNA changa inapokatwa na vipande vyake kuunganishwa: mwisho wa eksoni (kipande cha RNA kinachobakizwa), badala ya kushikana na eksoni inayofuata, hurudi nyuma na kujifunga kwenye mwanzo wake wenyewe au wa eksoni iliyotangulia. Vimeng'enya vingi vinavyotafuna RNA huanzia nchani. Kitanzi hakina ncha, hivyo hudumu kuliko RNA mjumbe ya kawaida. RNA duara zilionekana kwa hadubini ya elektroni katika seli za binadamu mwaka 1979, lakini kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa makosa tu ya seli, hadi tafiti za mwaka 2012 na 2013 zilipoonyesha kwamba ni nyingi mno.

Saratani ya mapafu, inayoua watu wapatao milioni 1.8 kwa mwaka duniani, imechunguzwa sana kwa jicho la RNA duara. Maelezo yanayorudiwa mno ni kwamba kitanzi hunasa mikro-RNA, yaani RNA fupi zinazodhibiti jeni, na kuzizuia kubana jeni zinazokuza uvimbe. Mfano mashuhuri ni CDR1as, yenye sehemu zaidi ya 70 za kunasa mikro-RNA iitwayo miR-7, ambayo kwa kawaida huidhibiti EGFR, jeni inayojulikana vizuri kwa wanaotibu ugonjwa huu. Tatizo ni kwamba CDR1as ni ya pekee. RNA duara nyingi zina sehemu chache tu za kunasia, na nakala zake ndani ya seli ni haba, kwa hiyo madai mengi ya namna hiyo yapokelewe kwa tahadhari. Mwaka 2020 ilibainika kwamba katika saratani ya utumbo mpana CDR1as haimo katika seli za saratani zenyewe, bali katika tishu zinazozizunguka. Anayesaga uvimbe mzima na kupima RNA yake hawezi kuiona tofauti hiyo.

Si RNA duara zote zinazochochea ugonjwa. CircNDUFB2, iliyoelezwa mwaka 2021, hushikamana na protini za kundi la IGF2BP, zinazosaidia uvimbe kukua, na kuharakisha kuvunjwa kwake, tena huamsha kinga ya mwili dhidi ya uvimbe. CircPTK2 nayo huzuia seli kupata uwezo wa kuhama, hatua ya mwanzo ya saratani kusambaa.

Kesi yenye mvuto zaidi ni F-circEA. Kwa sehemu ndogo ya wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, kipande cha kromosomu ya 2 hugeuka na kuziunganisha jeni EML4 na ALK. Muungano huo, uliogunduliwa Japani na kutangazwa mwaka 2007, hutoa protini inayoendesha uvimbe, na vilevile RNA duara, yaani F-circEA, ambayo katika maabara huongeza uwezo wa seli kuhama na kupenya tishu. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuikuta katika plazma ya wagonjwa, ilhali RNA nyoofu ya muungano uleule ilipatikana kwenye uvimbe tu. Seli zenye afya hazina muungano huo, kwa hiyo kitanzi hicho kikionekana katika damu, chanzo chake hakina utata. Hata hivyo hospitali bado hutambua mabadiliko ya ALK hasa kwa kuchukua kinyama cha uvimbe, jambo gumu kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake umejificha ndani ya pafu na pumzi yake imeshapungua.