Nani Aliye Katikati

Mpira wa besiboli unampiga Bobby Hill usoni, jicho linavimba na kuiva weusi. Kabla halijapona, baba yake, Hank, anamfokea mhudumu katika duka kubwa, na mtoto yupo palepale pembeni yake. Wambea hawahitaji zaidi ya hapo. Punde si punde ofisa wa ustawi wa jamii, kijana aliyetoka Los Angeles, anabisha hodi kwa akina Hill kuchunguza kama mzee anampiga mwanawe. Ndivyo inavyofunguka King of the Hill, katuni ya vichekesho ya Mike Judge na Greg Daniels, iliyoanza kuonyeshwa na Fox tarehe 12 Januari 1997.

Hank ni muuza gesi katika mji wa kubuniwa wa Arlen, Texas. Hajampiga mtoto. Kosa lake ni jingine: hajui kumwambia mwanawe kwamba anampenda. Bobby ni mnene, hapendi michezo, anataka kuwa mchekeshaji, na baba akimtazama anaona kiumbe kilichopotea njia kikaingia nyumbani kwake. Mwishoni ofisa anarudishwa alikotoka, na Hank anajikamua mpaka maneno ya upendo yanamtoka kwa shida. Tunacheka kwa sababu yanamgharimu kuliko kubeba mtungi wa gesi mgongoni.

Mimi nilicheka pia, lakini kilichonikaa kichwani ni yule ofisa. Baba na mwana wamegongana, na mtu pekee wa kuingia katikati ni mgeni mwenye faili mkononi. Babu yupo, ila Cotton Hill, mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyemfanya Hank awe gogo tangu mwanzo. Shangazi hayupo. Mjomba hayupo. Majirani wanasimama uchochoroni na bia zao.

Swali la nani aingie katikati lina jibu jingine huku Kongo, kwa hiyo sasa tuje Ubundu. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville, uko mahali ambapo mto Lualaba unakataa vyombo: mbele yake ni maporomoko ya Boyoma, na mzigo uliopanda majini Kindu sharti ushushwe hapa. Ndiyo sababu reli ya kilomita 125 kwenda Kisangani ilifunguliwa mwaka 1906. Hollywood nayo ilipita jirani mwaka 1951, John Huston alipokuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki. Walichotaka ni mto na msitu; hadithi walikuja nayo wenyewe.

Hadithi zilikuwepo tayari. Wakumu wa hapa wameenea mashariki kupitia Lubutu hadi Walikale, na huko wanapakana na Wanyanga, wenye utenzi mkali kuliko zote nizijuazo juu ya baba na mwana. Mwaka 1956 mtambaji Shekarisi Rureke aliutamba kwa siku 12, akiimba na kucheza, huku Daniel Biebuyck akiuandika. Ulichapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawatangazia wake zake saba kwamba wazae wasichana tu. Nasoma humo hofu ya mtawala: mtoto wa kiume ni mrithi, na kila mrithi humkumbusha baba kwamba kiti si chake milele. Mke kipenzi anamzaa Mwindo, mtoto anayetoka tumboni akitembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Basi anachongewa ngoma, anafungiwa ndani, na ngoma inatoswa mtoni. Katuni yoyote ingejivunia mfululizo huu, maana kila jaribio linamfanya mzee aonekane mpumbavu zaidi, na mtoto ndani ya ngoma anaimba, tena anamsimanga baba kwa wimbo.

Ngoma inaenda wapi? Kwa shangazi. Iyangura, dada yake Shemwindo, ameolewa na Mukiti, nyoka wa majini, na kwake ndiko Mwindo anakong'ang'ania kufika. Ni yeye anayeipasua ngozi ya ngoma kwa kisu na kumtoa mtoto, aking'aa. Kutoka hapo Mwindo anakwenda kwa wajomba, popo wahunzi, wakamvika chuma mwili mzima. Na anapomfuata baba yake aliyekimbilia kuzimu, anamwachia shangazi ncha ya kamba: ikiacha kutikisika, ajue amekufa. Hebu mweke mwanamke huyo, kamba mkononi, kando ya ofisa wa Arlen na faili lake. Wote wawili wanangoja kujua kama mtoto yu salama. Mmoja ana amri ya serikali. Mwingine ni damu ya pande zote mbili za ugomvi, hawezi kuhamishiwa mji mwingine.

Pwani tunapata mfano wa pale ambapo katikati hapana mtu wa heri. Katika utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate anamrubuni kijana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anamuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anahisi kwamba mwana ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Kijana anamchoma usingizini. Hapa aliyeingia kati ya wawili ni adui, na maisha ya baba yanaishia kisimani, amepiga goti na upinde mkononi, watu wakiogopa kuteka maji karibu na maiti.

Katuni ya vichekesho haiwezi kufika huko, wala haitaki. Inahitaji Hank na Bobby warudi wiki ijayo walivyokuwa, ndiyo maana Bobby alianza na miaka 11, akagusa 13, akakwama hapo mpaka kipindi kilipofungwa mwaka 2010. Kiliporudi mwaka 2025 tulimkuta mtu mzima, mpishi huko Dallas. Safari ya kukua ilipita pasipo kamera.

Wanyanga wanaionyesha. Mwindo anamrudisha baba Tubondo, watu wanakusanywa, na Shemwindo anasimama kukiri makosa yake mbele yao. Baada yake anasema Iyangura, anamkaripia kaka yake hadharani kwa kuwabagua watoto. Hank hakulazimika kuyasema ya moyoni mbele ya mji mzima. Shemwindo hakupewa nafuu hiyo.

Wala utenzi haumpambi kijana. Akiisha kutawazwa, Mwindo anamuua Kirimu, zimwi la msituni, bila kujua kwamba lilikuwa na udugu wa damu na Nkuba, mwenye radi. Nkuba anashuka, anamchukua juu kwa mwaka mzima, huko anapigwa baridi na jua na mvua, na anaruhusiwa kurudi kwa watu wake baada tu ya kukatazwa kuua mnyama yeyote tena.