Kulandanisha

Mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo alikaa kwenye kibao cha fundi wa simu, simu yake mpya mkononi. Alitaka barua pepe za kampuni anakofanya kazi ziingie humo. Fundi akajaza anwani, neno la siri na jina la seva, kisha akagusa palipoandikwa kwa Kifaransa "synchronisation".

"Hii ni nini kwa Kiswahili?" mama akauliza.

"Ni kuleta barua, Mama."

Naelewa jibu lile lilikotoka. Katika baa za Kamalondo, "serveur" ni yule anayekuletea bia mezani. Seva ya barua nayo itaonekana mletaji tu. Na kweli, kuna njia inayofanya hivyo hasa: itifaki ya POP, ya mwaka 1984. Hiyo hukusanya barua kutoka kwenye seva na, kwa kawaida ya zamani, hufuta zilizoko huko. Ni sawa na kwenda posta na ufunguo wako: ukishatoa bahasha, sanduku limebaki tupu.

Lakini simu ya kazi kwa kawaida haiunganishwi hivyo. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Mark Crispin alibuni IMAP, na humo barua hukaa kwenye seva. Simu inaonyesha nakala tu. Ukisoma barua ukiwa njiani, kompyuta ya ofisini nayo itaonyesha imesomwa. Ukiifuta kwenye simu, imefutika na kule. Simu ikiibwa, barua zote zipo.

Kitendo hicho tukiite nini? Programu za Google zikiwekwa Kiswahili husema kusawazisha. Neno hilo lina kazi zake tayari, tena nzuri: fundi husawazisha sakafu, na uwanjani timu iliyofungwa husawazisha bao. Pote pana pengo linalozibwa, na likishazibwa kazi imekwisha. Simu na seva hazimalizi. Kila badiliko la upande mmoja hufuatwa na upande wa pili, usiku na mchana. Mimi nachagua kulandanisha. Kulandana ni kufanana, kama mtoto na mzazi wake, na kiambishi cha kusababisha kinaongeza kwamba mfanano huo unatunzwa na mtu au chombo. Nalipenda pia kwa sababu halijachoka. Msikilizaji atauliza maana yake, na hapo ndipo utapata nafasi ya kumweleza.

Mama alikwisha kulipa akawa anasimama. Akaniambia, kwa furaha, kwamba sasa barua zimeletwa zote, akifika nyumbani atazifuta za zamani apate nafasi ya picha za wajukuu. Nikamwomba akae tena.